Nani Alikufundisha?

Shangazi yangu,

Nakuandikia nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya meza yako ya kukatia nguo. Nimejaribu kukaa, nimeshindwa. Tangu alfajiri naenda mlangoni narudi, nafungua dirisha nalifunga, na chai imepoa sijaigusa. Ungekuwepo ungeniambia, "Tulia, mwana wee, wanitia kizunguzungu."

Leo nawasaili watu. Natafuta wa kushika mkasi wako. Haya, nimeshalisema. Shule zafungua karibuni, majora ya kitambaa cha sare yamefika, na wasichana wa cherehani wamekaa bure kwa kuwa hakuna wa kuwakatia. Mimi kushona najua, kuuza najua. Kukata uliniachia nusu. Nisipompata mkataji wiki hii, oda itakwenda kwingine, na karakana uliyoianzisha barazani kwako hapa Malindi nitaifunga mimi. Naogopa, Shangazi.

Nakumbuka ulivyokuwa ukisaili. Mtu aliingia, mkaamkiana mpaka mkafika habari za mbuzi wa kwao, akanywa kahawa, kisha ukamuuliza swali moja tu: "Nani alikufundisha?" Nikidhani wapoteza wakati. Siku moja, alipoondoka fundi mmoja wa Mnarani, nilikuuliza mbona humuulizi mtu anajua nini. Ukacheka. "Mtu wa kwetu ukimwambia ajisifu, wamtia haya bure. Lakini kumsifu mwalimu wake hachoki mpaka jua litue, na katika kumsifu atakwambia yote anayoyajua yeye." Aliyemsengenya mwalimu wake ulimsindikiza kwa heshima hadi mlangoni, wala hukumwita tena. Aliyekupendeza ulimwambia, "Basi, kazi utaiweza," ikawa imekwisha.

Hata mimi hukunihurumia. Nilikuwa ndio nimetoka shule, umenilea mwenyewe tangu sijaota meno, ukanikalisha kiti cha wageni ukaniuliza nani alinifundisha kushona.

"Si wewe!"

Ukacheka mpaka ukajifuta machozi. "Basi huna kazi. Mwalimu wako mbovu."

Kesho yake nikaanza. Lakini lile neno ulilowaambia waliokupendeza, mimi hukuniambia. Si siku ile, si baadaye, si hata ulipokuwa kitandani ukinikabidhi funguo. Nimelingoja kama mtoto angojavyo Idi.

Wameanza kuja. Nitarudi.

Sasa ni alasiri. Nikueleze.

Nilitaka kufanya mambo ya kisasa, nikatoa maswali kwenye simu. Wa kwanza alikuwa kijana wa Gongoni, wazazi wake walitoka bara kuja kufanya kazi ya chumvi. Mchangamfu. "Mimi niko na uzoefu, madam, na naweza kufanya kazi na watu wote." Nilimpenda. Ila mwenyewe alikiri kuwa jora zima hajawahi kulikata, nikamwahidi cherehani, si meza.

Halafu akaingia Kadzo, mama wa makamo kutoka Adu. Nikamuuliza ana uwezo gani. Akaangalia pindo la leso yake.

"Hayo yasemwa ni watu, dada, siyo mimi."

"Kwa nini nikuchukue wewe nimwache mwingine?"

Akashtuka kana kwamba nimemtukana huyo mwingine. "Mwingine naye ana watoto," akasema.

Nikaudhika. Nikasimama kumuaga, maana kusimama ndiyo kazi niliyoiweza leo. Tulipofika mlangoni swali lako likanitoka lenyewe: nani alikufundisha?

Lo! Akageuka akarudi ndani. Ni mama mkwe wake, marehemu. Hakumruhusu kugusa mkasi mpaka ajue, kwa kidole tu na macho amefumba, nyuzi za kitambaa zaelekea wapi. Alimfunza kukiloweka kwanza, kisije kikanywea mwilini mwa mtoto wa watu, na kuipanga mikono ya shati katika nafasi zilizobaki kando ya migongo, kitambaa kisipotee bure. "Alikuwa mkali, dada, lakini kitambaa cha mtu alikishika kama yai." Nilishaamua kabla hajamaliza.

Kisha akainua macho. "Nawe dada, ulifundishwa ni nani?"

Tangu matanga sijakutaja mbele ya mtu. Wakiniuliza hali nasema nashukuru, nageuza mazungumzo. Leo nilikaa, kwenye kiti kile kile cha wageni, nikakusema. Nikamwambia juu ya chaki uliyoichomeka sikioni ukaitafuta nyumba nzima. Ulivyokuwa ukikata huku waimba chini chini, ukanyamaza tu ulipofika kwenye mzunguko wa shingo. Ulivyosema kitambaa kikishakatwa hakina toba. Nililia, nikacheka, nikalia tena, na wasichana wakaacha umbeya wao wakasikiliza.

Niliponyamaza, akajifuta jasho kwa ncha ya leso, akanitazama mimi, mwenye karakana, mwenye maswali ya simu.

"Basi, dada," akasema, "kazi utaiweza."

Kesho tunaanza kukata. Mkasi nimeupeleka kunolewa. Pumzika, Shangazi, mistari hii ya mwisho nimeiandika nimekaa.

Mwana wa kaka yako,
mwenye mwalimu mbovu.