Marehemu Hajatoa Jibu Kuhusu Safari ya Mama

Mama mshauri, nakuandikia nikiwa na akili timamu, ingawa ukisoma huenda ukaona vingine, nakuomba uniambie niandike nini, maana Ijumaa natakiwa kutuma habari za familia na marehemu baba yetu bado hajatoa msimamo.

Kila mwisho wa mwezi mimi hutuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo habari zetu zote, nani kajifungua, nani kafaulu, nani kahamia Likasi, na tangu baba Damien, aliyekuwa fundi wa reli, alipofariki mwaka jana, mwishoni tunaweka kumbukumbu yake. Siku ya matanga wajukuu walifanya utani wao kama desturi yetu inavyotaka, na Caleb, mtoto wa kaka yangu Constantin, anayesoma sheria chuoni Kasapa, alivaa kofia ya babu yake, akavuta mguu kama yeye, akawauliza waombolezaji nani kawapa ruhusa ya kukalia viti vyake, watu wakacheka hadi wakaanza kulia upya, basi nikamwomba awe anatuma sauti ya namna hiyo kila mwezi, tukaiita Neno la Kambo, maana ndivyo wajukuu walivyomwita babu yao. Mwezi wa kwanza Kambo alilalamika kwamba huko mbinguni hakuna anayefuata ratiba. Mwezi wa pili aliuliza redio yake imefikaje mtaa wa Golf, na Constantin, anayekaa huko, akairudisha jioni ileile. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu baba mdogo Faustin alipiga simu kutoka Likasi kuomba Kambo arudie maneno yake, eti mtandao ulikatika, kisha kikao cha Pasaka kikamchagua marehemu kuwa rais wa heshima wa familia, na wawili waliopinga hawakusema kwamba amekufa, walisema hahudhurii.

Sasa mama Victorine, anayeishi peke yake katika nyumba yetu ya mtaa wa Bel-Air, anataka kuhamia Kalemie kwa mdogo wake Benita, mjane kama yeye, na kikao kimesema lazima marehemu atoe maoni. Constantin anataka akatae, ili nyumba isibaki bila mtu wa kuilinda, Faustin anataka akubali, kwa kuwa anakitamani chumba cha nyuma kwa ajili ya kuku wake, na wote wawili wamekuja kwangu kufanya kampeni. Caleb alipoona hivyo akaacha kutuma sauti, familia ikatafsiri kwamba Kambo amekasirika, na shangazi zangu wawili wameanza novena, sala za siku tisa. Mama amefunga begi, amelikalia sebuleni. Constantin alipomwambia kwamba mzee haipendi safari hiyo, mama alimtazama, akasema:

«Miye niliolewa na Damien, sikuolewa na réunion, hiki kikao chenu. Kama iko anakatala, aniambie ye mwenyewe.»

Tukaandika kwamba mama naye anasubiri jibu. Nisaidie, baba aseme nini?

Céline, Lubumbashi

*

Céline, pole kwa msiba, na pole zaidi kwa vikao.

Baba yako aseme nini? Asiseme kitu. Amekufa. Naona kila mtu katika barua yako anayo habari hiyo, ila haijawahi kuingizwa kwenye ajenda.

Kosa lenu si kucheka. Aliyekufa akiigwa vizuri, msiba unapumua, na mlimpa baba yenu kumbukumbu ambayo wengi hawaipati. Lakini utani wa matanga una wenyewe, nao ni wajukuu. Mjukuu humwita bibi yake mke, humwiga babu, humkejeli maiti mbele ya padri, na hakuna anayemlaumu, kwa sababu hana mamlaka juu ya chochote. Mlipoingiza mikono ninyi watoto na ndugu, utani ukageuka amri. Caleb ameliona hilo, ndiyo maana amenyamaza. Mwacheni, na wala msimwombee novena.

Mama yako hasubiri jibu. Anaijua sauti ya mumewe na anaijua ya mjukuu wake. Aliwaambia kwa adabu, adabu ambayo hamkustahili, kwamba hakuna kati yenu mwenye haki ya kumkataza. Mkamsikia, mkaandika kinyume. Na wewe mwenye kukusanya habari za ukoo mzima, barua yako inanieleza kuku wanataka chumba gani, lakini hainielezi mama yako anaendea nini Kalemie. Hukumwuliza.

Basi fanya hivi. Mwambie Constantin kwamba nyumba hulindwa na mlinzi, si na mjane, na atafute mmoja kabla ya Jumapili. Mwambie Faustin kuku wabaki Likasi. Baba mwondoeni kwenye urais, mumwekee misa. Caleb amchekeshe bibi yake kwa simu atakapotaka, bila ninyi kuandika alichosema. Ijumaa utatuma mstari mmoja: mama anasafiri. Siku gani, mwulize mwenyewe. Yuko Bel-Air, sebuleni, na bado anaongea.