Kengele Zilizofanana Mno

Waberi, Garissa
Jumanne, baada ya adhuhuri

Kwa mdogo wangu Mwanakombo,

Salamu zangu zitangulie, lawama zako zifuate. Najua ziko tayari. Nauliza hali yako, na mguu wako wa kulia kama umekubali kukunjika sasa, na kisima kama maji yake bado yana chumvi. Mimi ni mzima. Joto la huku halijapungua. Saa saba mchana mabati ya paa langu hulia kama mtu anayevunja vidole.

Juzi ulinipigia simu, ukaniuliza swali moja, ukakata kabla sijajibu. Swali lilikuwa, "Mjomba gani huyu asiyefika harusi ya mpwa wake?" Ni swali la haki. Jibu lake ni refu na simu haiwezi kulibeba, ndiyo maana naandika. Usome mpaka mwisho, kisha uhukumu.

Unakumbuka nilipostaafu ualimu hapa mjini nilinunua mashine ya kuchonga mbao, ile inayoongozwa na kompyuta. Mwanao Riziki aliiona kwenye picha akasema inafanana na meza yenye daraja juu yake. Ndivyo ilivyo. Chini kuna meza, juu kuna daraja linalokwenda mbele na nyuma, na kwenye daraja kuna patasi inayozunguka kwa kasi. Mota tatu ndizo zinazoipeleka patasi: moja mbele na nyuma, moja kulia na kushoto, moja juu na chini.

Nilianza na vibao vya Kurani vya watoto wa madrasa. Baadaye wafugaji wakaniomba kengele za ngamia. Huku huiita koor. Ni ya mbao, ina tumbo kubwa, na ndani zinaning'inia ndimi mbili ndogo za mbao zinazogonga kuta zake. Huvishwa ngamia anayeongoza kundi. Mchungaji akiwa kichakani, mahali ambapo haoni hatua kumi mbele, hufuata sauti hiyo. Mashine yangu haiwezi kuchimba tumbo la gogo zima, kwa hiyo nilichonga kila kengele kwa nusu mbili, nikaziunganisha kwa gundi na kuzifunga ukanda wa ngozi.

Sasa nivumilie nieleze jambo la mota, maana kesi yote imelala hapo.

Mota za mashine hii hazizunguki ovyo kama feni. Zinakwenda kwa hatua, hatua mia mbili kwa mzunguko mmoja. Kompyuta inasema, "Piga hatua arubaini," na kadi ndogo iitwayo draiva ndiyo inayoipa mota umeme wa kupiga hatua hizo. Kasoro ni kwamba kompyuta inahesabu ilichoagiza, haioni kilichotendeka. Ni kama mama alivyokuwa akinituma sukari dukani, naye akabandika sufuria ya chai akijua sukari imefika, na mimi niko njiani nacheza gololi. Draiva zangu za kwanza zilikuwa dhaifu. Zikipata joto la mchana wa Garissa zilijizima kwa kufumba na kufumbua, ili zisiungue, kisha zikawaka tena. Katika mfumbo huo wa jicho mota iliruka hatua tatu, tano, nane, na kompyuta haikujua. Ukuta wa kengele ukatoka mnene hapa, mwembamba pale. Hakuna kengele iliyofanana na mwenzake.

Niliziona aibu. Nilikuwa nikizipiga msasa kuficha, na nikaziuza kwa kuomba radhi. Wafugaji walizinunua zote. Lakini kila mmoja alikaa kibarazani pangu saa nzima akizitikisa sikioni moja baada ya nyingine, akirudisha, akichukua tena. Nilidhani wanatafuta iliyo na afadhali. Nilikuwa nikiwaeleza, kwa upole, kwa nini zimetoka vibaya na jinsi nitakavyorekebisha. Waliniitikia, "Haye, mwalimu, haye," wakaendelea kutikisa. Sikumwuliza hata mmoja anasikiliza nini.

Basi nikarekebisha. Niliagiza Nairobi mota tatu mpya zenye nguvu, na draiva zake kubwa, na pawasaplai, kile kifaa cha kuzilisha umeme, ya volti za juu zaidi. Mota hizi zina jicho nyuma yake: linahesabu hatua zilizopigwa kweli, na zikipungua, draiva inazilipa papo hapo. Draiva nilizitoa ndani ya mashine nikazipa sanduku lao la bati lenye feni mbili na kitambaa cha kuzuia vumbi. Siku ya kwanza niliweka vibaya zile swichi ndogo za kupimia umeme, mota ya juu ikapata moto hata nikaunguza kidole. Nikashusha. Siku ya pili mashine ilikwenda kimya. Nilichonga kengele sita saa saba mchana, na sita alfajiri, nikazipima. Hazikutofautiana hata unene wa unywele. Nilifurahi, nakiri. Kwa muda wa mwezi mmoja nikauza arubaini.

Moja aliichukua Mzee Dakane. Huyu anachunga upande wa Bura, na ni rafiki yangu tangu nilipomfundisha bintiye, Habiba. Macho yake yana ukungu, mtoto wa jicho, na amekataa kisu cha daktari. Kengele yake ya zamani, mojawapo ya zile mbovu zangu, ilikuwa imepasuka. Aliitikisa hii mpya akasema, "Iko kali. Lakini mwalimu, hii jana nimesikia kwa mtu ingine."

Nikamwambia, "Ndiyo uzuri wake, mzee. Zote ni sawa."

Aliichukua kwa sababu muuzaji nilikuwa mimi.

Wiki mbili baadaye alinywesha ngamia wake kisimani, siku moja na Haji Salat, tajiri wa upande ule ambaye watu wake na watu wa Dakane wana maneno ya zamani. Habiba, ambaye huwa macho yake, hakuwepo, alikuwa amempeleka mwanawe kliniki. Vumbi lilipanda, makundi mawili yakaachana, na mzee akafuata kengele yake kichakani. Akaifuata mpaka alasiri. Wana wa Haji Salat walipomkuta alikuwa amekamata fimbo yake, anaimba, nyuma ya ngamia kumi na wanane wa baba yao. Ngamia wake mwenyewe walikuwa wamekwenda upande mwingine bila mchungaji.

Habiba alinipigia simu siku iliyofuata. Hakusalimu. "Abti," alisema, "baba anaitwa mwizi. Mbele ya watu. Jumamosi wazee wanakaa."

Mwanakombo, katika lugha yao abti ni mjomba, kaka wa mama. Huniita hivyo tangu shuleni kwa heshima tu, sina damu naye. Jumamosi hiyo ndiyo iliyokuwa ya harusi ya Riziki. Tikiti ya basi ilikuwa mfukoni mwangu, na kanzu ilikuwa imeshapigwa pasi.

Nilifikiri kutuma barua isomwe kwenye kikao. Halafu nikafikiri ni nani pale angeieleza habari ya draiva na hatua zilizoruka. Harusi ya Riziki ingefungwa bila mimi, kwa huzuni, lakini ingefungwa. Mzee Dakane bila mimi hakuwa na shahidi hata mmoja. Na kosa lilikuwa langu. Nikairudisha tikiti.

Kikao kilikuwa chini ya turubai karibu na kisima. Nilibeba mfuko wenye kengele. Haji Salat alizungumza kwanza, vizuri, bila kupaza sauti. Alisema mtu aliyechunga miaka hamsini hawezi kukosea kengele yake mwenyewe. Wakati kengele inamwongoza hata mtoto, itampotezaje mzee? Watu wakatikisa vichwa. Hoja ilikuwa nzito, na kabla ya mota zangu mpya ingekuwa kweli.

Dakane aliposimama alisema maneno machache tu. "Mimi si mwizi. Macho imekwisha, masikio iko. Masikio ilisema ni ngamia yangu."

Nikaomba ruhusa. Nilimwomba Haji Salat anipe kengele ya ngamia wake, nayo pia moja ya zile arubaini, na Dakane anipe yake, kisha Haji atupe mgongo. Nikatikisa moja, nikatikisa ya pili. "Haji, ipi yako?"

"Rudia."

Nikarudia.

"Ya pili."

"Waryaa, Haji!" mzee mmoja akapiga paja lake kwa kicheko. "Umeiba ya Dakane!"

Haji aligeuka, akaona ukanda wa ngozi wa mwenzake mkononi mwangu. Hakucheka. Aliomba tena, nikampa tena, akakosea tena. Halafu nikatoa kengele nne za zamani nilizoazima kwa wenyewe, zile za aibu, na miongoni mwake ile iliyopasuka ya Dakane. Nikamgeuza Dakane. Nilipoitikisa ya tatu hakungoja nimalize. "Hiyo," alisema. "Hiyo ni yeye." Sauti yake ilibadilika kama mtu aliyesikia jina la marehemu.

Nikaeleza. Nilieleza hatua mia mbili, joto, jicho la nyuma, yote. Nadhani nilieleza kwa muda mrefu, maana mwenyekiti alinyanyua mkono. "Mwalimu, tumeshika. Zamani mashine yako ilikuwa nakosea, na kila ngamia ilipata jina. Sasa haikosei, na ngamia zote zinaitwa Ali."

"Ndiyo."

"Basi mwizi ni mashine."

"Mashine ilifanya nilivyoiagiza," nikasema. "Ni mimi."

Wakanihukumu nilete sukari na majani ya chai ya kikao, na nizirudishe kwangu kengele zote arubaini. Haji Salat alimpa Dakane mkono mbele ya watu. Ngamia wa Dakane walikuwa wamepatikana siku ya tatu kwa nyayo, isipokuwa ndama mmoja aliyeliwa na fisi. Nilimwendea kusema nitamfidia ndama. Akaushika mkono wangu akautafuta uso wangu kwa macho yale yenye ukungu. "Ndama ni ya Mungu," akasema. "Jina langu ndiyo ilikuwa naliwa."

Saa hiyo, kwa hesabu yangu, Riziki alikuwa anatolewa ndani aonwe na wageni.

Niliporudi mjini nilifikiri kurudisha mota za zamani. Kisha nikafikiri kuandika maagizo ya kuifanya kompyuta ikosee makusudi, kila kengele kosa lake. Nilimweleza Dakane mpango huo nikiona ni wa busara. Alicheka mpaka akakohoa. "Unataka mashine ichague jina ya ngamia yangu?"

Kwa hiyo sasa tunafanya hivi. Mota mpya zinafanya kazi yao, lakini naziagiza ziache ukuta wa ndani mnene kwa upana wa kidole. Siziunganishi zile nusu mbili. Mwenye ngamia anakuja mwenyewe, anakaa kibarazani, anapewa patasi ndogo ya mkono, anakwangua kidogo, anazibana nusu kwa mikono, anatikisa, anasikiliza, anakwangua tena. Wa kwanza alikuwa Dakane. Alianza asubuhi na kila mara nilipomwuliza kama imetosha alisema, "Bado." Nilitaka kumweleza jinsi unene wa ukuta unavyopunguza mlio. Nikanyamaza. Karibu na adhuhuri alitikisa mara moja, akaweka patasi chini akasema, "Hapo." Mimi sikusikia tofauti yoyote na ya dakika moja kabla. Habiba aliye kando yake alisikia.

Ndiyo habari yote. Sikuiandika ili uniambie nilifanya vyema. Nilikosa siku ambayo hairudi, na nafasi ya mjomba kwenye mkeka ilikaa tupu mbele ya wakwe. Hilo linabaki kuwa deni langu kwako na kwa mtoto. Nilitaka tu ujue nilikuwa wapi.

Msalimie shemeji yangu, mumeo, mwambie mbegu za mkunazi alizotaka nimezipata. Msalimie mama mdogo Mwanasiti, umkumbushe dawa zake asizinywe na chai. Msalimie fundi Juma, jirani aliyenifundisha randa nikiwa mdogo, umwambie naikumbuka zaidi siku hizi. Wakwe wapya uwape salamu za mtu mwenye haya.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ndani yake ni kengele ya Riziki, nusu mbili, na patasi ndogo na kopo la gundi. Aitundike mlangoni mwa nyumba yake. Ukuta wa ndani bado ni mnene. Asimwachie mumewe wala fundi, akwangue yeye, mpaka mwenyewe aseme hapo. Akiimaliza usiniambie inaliaje. Nitakuja mfungo ukiisha, nisimame nje, na nitaijua nyumba yake kwa mlio huo kabla hajafungua mlango. Nikikosea, unihukumu upya.

Kaka yako,
Hamisi