Mlango wa Kioo Chumbani kwa Wandera

Malaba, kwa Wandera

Mama Wandera,

Nakusalimu sana wewe na kila mtu hapo nyumbani Salgaa. Mgongo wako umepoa? Ng'ombe mwekundu amezaa, ama bado anatuchezea? Mimi nina nguvu, hata vijana wa hapa wananiuliza nakula nini. Naandika karatasi kwa sababu simu ukiipokea unaiweka sauti kubwa na boma lote linasikiza, na haya maneno si ya boma lote. Kuna dereva wa lori hulala huko Salgaa, atakuletea.

Unajua kilichonileta. Mlango wa kioo wa nyumba aliyopanga Wandera, ule wa kusukuma kando, ulikwama nusu wazi. Mtu hupita ubavu ubavu, na mvua inaingia. Mwenye nyumba alitaka kuung'oa aweke wa chuma. Nikasema, ung'olewe kwa nini na mimi niko hai? Mimi niliyeweka milango ya vioo kwa hoteli za Mombasa, mgeni akisukuma kwa kidole kimoja! Alumini nzito kama ile haiko tena dukani. Shida ni magurudumu ya chini yameisha, na reli imejaa mchanga. Nilijua hayo kabla sijauona.

Kile Wandera hakuniambia, mlango wenyewe uko chumba chao cha kulala, ghorofani, unatokea roshani. Sasa mimi nipite kando ya kitanda cha mtoto wangu na mke wake? Nilisema wazi, huko siingii, kwa mila yetu baba mkwe hakanyagi anapolala mke wa mtoto wake. Amoit, mkewe, akaniambia kutoka jikoni, "Baba, pita tu, nimetandika vizuri."

"Mama, hata ukitandika, ni kitanda."

Basi nikaazima ngazi ya Ouma, jirani anayepaka rangi nyumba, nikapandia nje na vifaa vyangu begani. Miaka sabini na moja hii! Watu wa boda boda walisimama kutazama. Nikasafisha reli, nikatia mafuta, mlango ukakataa. Nakuambia wewe peke yako: mlango wa namna hiyo unainuliwa ukiwa ndani, ulitengenezwa hivyo ili mwizi asiung'oe kutoka nje. Nilikuwa najua. Nilifikiri nitaushinda.

Kugeuka nishuke, ngazi haipo. Ouma ameipakia kwa pikapu, ameenda kazi upande wa Uganda. Amoit akampigia simu, nikasikia sauti ya Ouma, "Mama, mbele lori, nyuma lori. Kwa hii foleni siwezi kugeuza hata shingo."

Wandera alikuwa kazini Busia. Ngazi ya jirani mwingine iliishia katikati ya ukuta. Nikakaa roshani tangu saa nne asubuhi, jua likinipiga mpaka saa nane, halafu mawingu yakaja kutoka upande wa Tororo. Wale wa boda boda wakaanza.

"Mzee, ruka, tutakudaka!"

"Mwacheni, anangoja ndege!"

Nikawaambia, "Nyinyi huku juu mngekuwa mmeshalia." Wakacheka, nikacheka pia, lakini haja ndogo ilikuwa imenishika vibaya.

Mvua ikaanguka. Amoit akaita, "Baba, utakufa huko na watu waseme ni mimi."

"Afadhali hivyo kuliko waseme nilipita kitandani kwako."

Nikasikia vitu vinaburutwa. Godoro, kitanda, kabati la nguo. Mtu mmoja, na kila kitu akakishusha chini. Kisha akapaza sauti kutoka chini ya ngazi za ndani, "Baba, hicho si chumba cha kulala tena. Pita, mimi nimetoka nje."

Nikapita. Chumba kilikuwa kitupu, kimefagiwa. Na kwa vile niko ndani, nikainua mlango, nikatia magurudumu mapya, haikufika nusu saa. Sasa unasukumwa kwa kidole, kama nilivyosema.

Lakini jioni Amoit tumbo lilimkaza. Mama Wandera, ana mimba ya miezi sita. Mimi sikujua, mtu hamtazami mke wa mtoto wake. Hospitalini walisema mtoto yuko salama, ila mama alale tu, asiinue hata ndoo. Wandera amemwekea kitanda sebuleni, asipande ngazi. Kwa hivyo sasa sebule nayo siingii. Nakaa chumba kidogo cha uani, nakula huko, na Wandera akienda kazini tunabaki wawili, yeye ndani, mimi nje.

Jana aliita maji. Nilijaza kikombe, nikafika mlangoni, miguu ikakataa. Mwishowe nikakiweka sakafuni, nikakisukuma kwa mpini wa ufagio, kikamwagika. Akasema, "Haidhuru, Baba, sina kiu sana." Alikuwa na kiu.

Kuondoka nimwache siwezi, na kumsaidia siwezi. Mambo ya roshani nilikuwa nayaweza. Haya nakuomba wewe, na unajua mimi si mtu wa kuomba. Ukipata karatasi hii, njoo kesho yake ukiweza, ingia kwake, umpe maji.

Msalimie ndugu yangu Makokha, akuangalizie ng'ombe, na dada yako Nabwire wa kwaya amwombee mtoto. Wengine waambie tu mlango umepona.

Ni mimi mumeo,
Baba Wandera, fundi