Walioona Mgongo wa Ndege

Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo, na Baba mpe shikamoo yake hapo alipolala. Mimi ni mzima, ila joto la huku linanikausha. Nyonga ya Baba imeanza kukubali kukanyaga? Na mvua zimefika Vudee, au bado mnagombania zamu za maji?

Barua yako aliniletea utingo wa lori la tangawizi. Unasema Baba alikuwa ukingoni mwa shamba akifungulia maji kutoka bwawa la ndiva, ile ndege ndogo ikapita bondeni, chini ya miguu yake, ikinguruma, naye akashtuka akaporomoka matuta. Mama, ndege hiyo naijua. Mimi ndiye niliyekuwa naiosha.

Mwenyewe ni mfanyabiashara wa matairi. Tangu mambo yawe ruksa, matajiri wa huku wameshachoka na magari, sasa wana klabu ya kurusha ndege kwa starehe. Sisi tuliopunguzwa kiwandani tukawa tunawafagilia banda la ndege. Jumamosi yule wa matairi huenda Arusha na wageni wake, na akifika Same anapinda kuingia milimani ili wageni wapige mayowe. Kila nilipokuta matapishi kitini nilijua mmepitiwa.

Malalamiko ya kijiji, yale mliyopitisha kwa mtendaji, yalifika. Klabu ina kamati ya usalama. Mwenyekiti wake ni huyo huyo wa matairi. Siku hiyo, ili haki itendeke, alihamia kiti cha pembeni. Mimi niliwapelekea chai, ndiyo maana nilisikia. Katibu alisoma mlivyoandika: ndege nyeupe, mstari mwekundu mgongoni, kutoka bawa hadi bawa. Akavua miwani.

"Mtu aliye chini huona tumbo la ndege," akasema. "Hawa wameona mgongo. Walikuwa wapi, mbinguni?"

Wakacheka. Mwenye ndege alicheka kuliko wote.

Nikaweka birika mezani. "Samahani, waheshimiwa. Walikuwa nyumbani kwao. Kijiji kiko juu, bonde liko chini, na ndege ilipita bondeni. Aliyeanguka ni baba yangu."

Nilidhani nimewasaidia. Katibu akanitazama, akaniuliza kwa upole kabisa kama mimi ndiye niliyewaambia watu wa nyumbani rangi za ile ndege. Nikasema hapana. Lakini tayari kalamu ilikuwa inatembea. Wameamua malalamiko yalitungwa na mfagizi mwenye kinyongo. Jumatatu nilikuta ufagio wangu umeshapata mtu mwingine. Sasa nina kibarua cha kushusha marobota ya mitumba bandarini, siku ikiwepo kazi.

Mzee Shomari, fundi wao, alinisindikiza hadi getini. Hasemi sana yule, ana watoto wengi. Akanong'ona, "Mdogo wangu, nilimwambia bawa moja limeanza kulegea kwa michezo yake ya milimani. Kanijibu nikaze nati."

Hilo ndilo linaloninyima usingizi, Mama. Jumamosi watoto wasichunge mbuzi pale ukingoni, hata wakilia. Na mtu wenu asiipungie mkono. Yule akipungiwa hurudi.

Ipo ofisi ya serikali inayosimamia ndege zote. Mwambie mtendaji aandike huko, moja kwa moja, na jina langu lisiwemo hata kwa wema. Herufi za usajili wa ndege ziko juu na chini ya mabawa, kwa hiyo mkizitaja hamtakosea kitu. Ila safari hii msiseme mliona mgongo. Semeni mliona tumbo. Ukweli wenu wameshindwa kuumeza.

Msalimie shangazi mwenye duka, umwambie sukari huku imejaa madukani, tunaitazama. Msalimie mchungaji, na mdogo wangu anayelala kando ya kitanda cha Baba. Baba mwambie kamati ilipokea taarifa ya kuanguka kwake. Usimwambie walicheka.

Ni mimi mwanao, ninayeangalia juu kila Jumamosi asubuhi,

Elieza