Damu ya Kulinganishia

Mwenzangu, uko? Usipige, nimejifungia kwenye choo cha kazini, nikisikia sauti yako nitalia.

Si unaujua utafiti wetu? Kirusi ni kimoja, lakini huyu kinamlaza mahututi, yule anapiga chafya tu. Tunapima uzee wa seli za damu, maana zikichakaa mapema ugonjwa hauna huruma.

Na damu ya kulinganishia na ya wagonjwa tunaitoa sisi wenyewe wa maabara. Vijana wazima, eti!

Leo asubuhi majibu yametoka, daktari ameinua kichupa mbele ya wote, anacheka. "Nani amechanganya? Hii ni ya mzee wa miaka sabini!"

Ya mzee! Wote wakacheka. Na mimi nikacheka.

Kichupa kina alama yangu.

Nimejitoa damu nyingine, nikapima kimyakimya. Mzee yuleyule. Thelathini na mbili mimi, jamani!

Nikamuuliza daktari kiutaniutani, huyo mzee akikipata kirusi je?

"Huyo tumwombee tu asikipate."

Sasa hivi shule wamepiga. Binti yangu ana homa na kikohozi, darasa zima wanacho hicho kirusi. Analia, hataki mtu amguse, anataka mama aje ambebe.

Natoka.