Michembe ya Mama Mkwe na Masharti ya Kocha

Mpendwa Shangazi Najiat, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo mama mkwe wangu anapanda treni kurudi Kaliua na mimi ndiye ninayemfukuza, ingawa hakuna aliyesema hivyo, hata mume wangu Mathias anadhani mama yake amekumbuka shamba tu.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka thelathini na tisa, na tangu Januari nanyanyua vyuma jimu mara tatu kwa wiki, na nakiri Shangazi nimefurahi sana, mgongo ulionisumbua miaka yote ya kuinamia cherehani umetulia, ndoo ya maji najitwisha mwenyewe, ila kocha wetu Twalibu alituambia ukitoka kwenye chuma usiguse wanga kabisa, bali ule ute wa mayai na unga wa protini wa kopo, wa kukoroga, la sivyo utarudi ulikotoka, nami nikamwamini kwa sababu ana mikono minene. Sasa mama mkwe alipokuja akaniona narudi jioni nimelowa jasho, akanionea huruma, akawa ananichemshia michembe, viazi vitamu alivyovikata na kuvianika mwenyewe kijijini, anaiunga kwa karanga alizotwanga kwa mkono wake, nami badala ya kusema ukweli nikawa naipokea kwa kupiga goti, naenda nayo nyuma ya nyumba nawamwagia kuku wa jirani, narudisha bakuli nasema, "Ahsante Mama, tamu sana," wiki tatu nzima, mpaka Jumatatu alipotoka kuanua nguo akanikuta.

Hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, ungeniambia huipendi, ningekupikia kingine," akalichukua bakuli akaenda kuliosha, na tangu siku hiyo shikamoo yangu anaiitikia vizuri kabisa lakini hapiki tena, na begi ameshalifunga. Nimwambie nini, Shangazi, na je, nikila michembe nguvu zangu zitapotea?

Levina, Ipuli

Levina, pole, ingawa pole kubwa naiweka kwa mama wa watu. Wiki tatu unamsifia mtu mapishi huku kuku wa jirani ndio wanaonenepa? Ungekuwa karibu ningekufinya.

Tuanze na tumbo, ndilo jepesi. Kocha wako kunyanyua anajua, kula bado. Misuli iliyofanya kazi inataka protini ya kujijengea, hapo kasema kweli, lakini inataka na wanga wa kurudisha nguvu uliyotumia. Michembe ndiyo wanga wenyewe, na karanga ina protini kiasi chake. Ongeza mayai mawili, ule na kiini, au maharage yaliyobaki mchana, au kikombe cha maziwa ya mgando, unywe na maji ya kutosha. Basi, umekula chakula cha mnyanyua vyuma. Kopo si dhambi, ila si lazima. Babu zetu walibeba mizigo mabegani kutoka huku bara mpaka pwani, na sijasikia aliyeulizia ute wa mayai njiani.

Sasa lile zito. Wakwe wengine wangeuliza mwanamke mzima anatafuta nini kwenye vyuma. Wako aliona jasho, akaenda kuwasha jiko. Bahati ya namna hiyo umeichezea, na hilo limeniuma kweli.

Usimtume Mathias akusemee. Usimnunulie kitenge ukajificha nyuma yake. Leo hii nenda ukakae naye jikoni, umwambie ulimdanganya, kwamba uliogopa maneno ya kocha na si mkono wake wa kupika, na kwamba uliona aibu kusema. Asipokujibu, usiondoke. Kisha mwambie, "Mama, nina njaa." Atakuwa anatafuta sufuria kabla hujamaliza kulia. Ule mbele yake, na bakuli likiisha umwombe akuongeze.