Gitaa Halisemewi

Tunduma, 6 Juni 1999

Shangazi Ketrina mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kahawa inaiva vizuri huko Igamba na goti lako limekubali kupanda mlima. Mimi ni mzima, nala nashiba, hata ile sketi uliyonishonea imeanza kunigombeza.

Bado ni mimi ninayeshika maiki kwenye banda la video la Mzee Ngassa. Picha ya Kichina ikichezwa natafsiri, madereva wa malori wanatoa machozi. Ila amekuja kijana kutoka Mbeya, Boazi, anajua kuiga milio ya bunduki kwa mdomo. Mzee ameamua kila mmoja apewe Jumamosi yake. Atakayewaweka watu kwenye mabenchi mpaka mwisho wa picha ndiye atakayebaki na kazi.

Boazi amechagua ngumi. Mimi nimeazima kanda ya roki kwa mama mmoja muuza vitenge wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka: anaanza Freddie Mercury jukwaani, halafu Jimi Hendrix. Nani Tunduma nzima atanishinda kwa roki, mimi niliyelelewa na wewe uliyeishi Kitwe, Zambia, kwenye dansi za magitaa? Boazi hajui hata kama Freddie alizaliwa Unguja. Nilipomwambia alinibishia kama mtu aliyekuwepo leba.

Niandikie niseme nini. Nataka nitafsiri mpaka nywele ziwasimame.

Binti wa kaka yako,
Goodness

Igamba, 14 Juni 1999

Mwanangu Goodness,

Marahaba. Goti linauma, lakini ni langu, tumezoeana. Ng'ombe amezaa. Wote wanakusalimu.

Sasa nisikilize. Freddie mtaje na Unguja yake, watu watapiga makofi. Marehemu Jairo wangu alikuwa wa Freddie, mimi wa Jimi, na tulishawahi kununiana wiki nzima kwa ajili hiyo, chakula namwekea mezani bila neno. Jimi kachukua gitaa la mkono wa kulia, kaligeuza, kalipiga kwa mkono wa kushoto. Wewe unadhani huyo anahitaji mkalimani?

Fanya kama tunavyofanya na wageni harusini. Mtambulishe: jina lake, anakotoka, alicholeta. Kisha kaa. Mgeni akishatambulishwa hasemewi. Ulipokuwa mdogo, tukichuma kahawa, nilikuwa nakuimbia gitaa lake kwa mdomo mpaka kapu linajaa. Niliwahi kukutafsiria hata neno moja? Na ulielewa yote.

Shangazi yako,
Ketrina

Tunduma, 27 Juni 1999

Shangazi,

Shikamoo. Afya ninayo, aibu ninayo zaidi.

Sikukusikia. Kwetu bandani mtafsiri akinyamaza watu wanadhani amelala, na maiki ikiwa mkononi mdomo wangu haujui kupumzika. Freddie alipoanza kuita watu kwa ile sauti yake isiyo na maneno, wakamwitikia, nikatafsiri: "Anauliza mmekula? Wanajibu bado!" Banda likaangua kicheko, nikavimba kichwa. Alipokuja Jimi nikatafsiri gitaa. Ndiyo, gitaa! "Mke ameondoka, mbuzi ameuzwa, narudi kijijini." Mama wa Nakonde akasimama, akasema kwa sauti ya soko: "Wewe, funga kinywa! Nimekuja kumsikia yeye!" Wakaanza kutoka mmoja mmoja. Mwisho tulibaki mimi, deki na mlinzi aliyesinzia.

Boazi alijaza mpaka mlangoni.

Yule mama ndiye aliyeniombea kwa Mzee nipewe Jumamosi moja ya mwisho, tarehe kumi Julai. Nikikosa, maiki ni ya Boazi. Naipenda kazi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya, shangazi. Njoo unishike mkono. Au niandikie tu.

Goodness wako

Tunduma, 11 Julai 1999

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hukujibu, na nimeelewa. Ulikuwa unanifundisha kunyamaza. Una hekima wewe!

Jana nilimtambulisha Freddie wa Unguja, makofi. Nikamtambulisha Jimi kama bwana harusi, nikaweka maiki juu ya kiti, nikakaa chini na kukalia mikono yangu yote miwili. Hakutoka mtu. Jimi akaanza kupandisha gitaa, yuko juu kabisa, na jenereta likazimika. Giza tupu. Boazi akacheka mlangoni: "Kwisha habari yako!" Nikasikia mabenchi yanalia, watu wanainuka.

Maiki bila umeme ni kama mwiko bila sufuria. Nikasimama nikaliimba gitaa kwa mdomo, lile la shambani, kutoka pale pale Jimi alipoachia. Nilidhani watanizomea. Kumbe nyuma kabisa sauti ya mwanamke ikanidaka, ikashika gitaa la pili, nzito, haikosei hata mahali pamoja. Atakuwa mama wa Nakonde. Madereva wakapiga mabenchi kama ngoma. Jenereta lilipowaka, Jimi alitukuta tumeshamtangulia, na banda zima lilikuwa limejaa vile vile.

Mzee Ngassa amenipa maiki. Boazi ameomba nimfundishe kunyamaza. Nimemtafuta yule mama nimshukuru, naambiwa jana hakuvuka mpaka kabisa. Sasa sielewi.

Goodness, mwenye maiki

Igamba, 18 Julai 1999

Mwanangu,

Marahaba. Usinisingizie hekima. Sikujibu kwa sababu nilinuna. Kumtafsiria Jimi mbuzi! Hata Jairo hakunikosea hivyo.

Lakini hasira ya shangazi haipandi basi, miguu ndiyo inapanda. Jumamosi ile nilikuwa benchi la mwisho, nimejitanda kitenge mpaka puani, goti linanitukana. Giza lilipoingia nilitaka kulia. Halafu nikasikia gitaa la shambani kwangu linatoka kinywani mwako, nikashindwa kukaa kimya. Umesahau mdomo wa shangazi yako, mtoto wewe?

Sikujitokeza. Umeme uliporudi wote walikuwa wanakutazama wewe, na mgeni akishatambulishwa hasemewi. Nililia ndani ya basi mpaka Mlowo, utingo akanipa pipi.

Ila pale mwisho ulipandisha mapema. Njoo tuchume, tuparekebishe. Na huyo Boazi mlete, makapu yapo.

Gitaa la pili,
Shangazi Ketrina